Salma Mwingine

Binti yangu Nasra ana mimba ya miezi minane na simu yake imejaa majina. Jioni anakaa kibarazani kwangu, miguu ameinyoosha juu ya kigoda kwa sababu imevimba, anasoma kwa sauti majina ya kike ya Kiarabu na maana zake. Anataka jina lenye maana nzuri ambalo mtaani halijajaa. Mimi huwa nipo kando yake mkekani, nampaka mama yangu mafuta ya nazi miguuni, maana ngozi yake siku hizi imekauka sana na mwenyewe hakumbuki tena kujipaka. Juzi Nasra alifika kwenye herufi ya S akacheka.

"Mama, lako hili hapa. Salma, maana yake aliyesalimika. Wameandika ni jina zuri ila limezoeleka mno."

Akateremka mpaka mwisho wa orodha. "Zainabu. Mti wenye maua ya kupendeza na harufu nzuri."

"Ruka hilo," nikamwambia.

"Kwa nini? Si jina la mama mdogo Zainabu?"

"Ruka tu."

Akaniangalia. Mimi ni mtu mzima, nimezaa watoto wanne, mvi ninazipaka piko kila mwezi ili zisinisute, na nimemwonea wivu mtoto wa mama yangu mdogo kwa sababu ya jina lake tangu nikiwa na miaka tisa. Ningependa kusema yaliisha. Hayajaisha. Wanasema wivu ni kidonda, na mimi changu nimekaa nacho muda mrefu kiasi cha kukizoea, nakigusagusa nione kama bado kinauma.

Shuleni kwetu Mwembesongo, mjini, darasa moja lilikuwa na Salma watatu. Mwalimu hakuwa na muda wa kuita majina ya baba zetu, akatugawa kwa macho. Mmoja alikuwa Salma Mrefu. Wa pili alikuwa Salma Duka, baba yake aliuza sukari na mafuta ya taa pale njia panda. Mimi sikuwa mrefu wala baba hakuwa na duka, alifanya kazi kiwandani kama baba za watoto wengi, kwa hiyo nikawa Salma Mwingine. "Salma Mwingine, futa ubao." Niliufuta ubao ule miaka saba.

Hata madrasa jina halikunisaidia. Siku moja wasichana tulimbana ustadhi atuambie maana za majina yetu. Aliyeitwa Nuru aliambiwa mwanga, Zuhura akaambiwa nyota, na kila mmoja alikaa chini amevimba kichwa. Zamu yangu ilipofika ustadhi alikuwa ameshachoka. "Salma ni aliyesalimika. Yuko salama."

"Amesalimika na nini?" nikauliza.

"Na kila baya. Kaa chini."

Nilikaa. Wenzangu ni mwanga na nyota, mimi ni jibu la mtu aliyeulizwa habari za nyumbani. Nilirudi na msahafu wangu kichwani nikilipiga teke kila kokoto la njiani, na nilipofika nikamuuliza mama nimerithi jina la nani. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho. "La kwako mwenyewe," akasema, na akaendelea kupepeta.

Kwetu jibu hilo ni dogo sana. Kwetu Uluguruni ukoo ni wa mama, na majina ya bibi na mama wakubwa wa upande huo hurudi kwa wajukuu. Mtoto anayerithi jina harithi neno tupu, anarithi na heshima ya mwenye jina. Bibi yangu mzaa mama aliitwa Zainabu. Alikaa milimani Kinole, kwenye migomba na mananasi na mdalasini, na mimi nilikuwa mjukuu wake wa kwanza wa kike. Kila mtu aliyehesabu kwa vidole aliona jina lile lilikuwa langu. Lakini lilikwenda kwa mtoto wa mama mdogo, aliyezaliwa miaka mitatu baada yangu. Nilijua Zainabu ni wengi mjini, pengine wengi kuliko sisi Salma. Hilo halikuniliwaza. Zainabu wa kwetu jina lake lilikuwa na mwenyewe, na langu lilikuwa limeokotwa.

Yote hayo ningeyavumilia kama angebaki Kinole. Nilipokuwa na miaka tisa mama mdogo aliolewa mbali, na Zainabu akaletwa kwetu asome mjini. Alishuka kwenye gari na kifurushi cha nguo na kikapu cha mananasi, pua inatoka kamasi, na mama yangu akakimbia kumpokea akisema, "Mama! Mama yangu umekuja!"

Nilidhani bibi naye yumo garini. Nikachungulia. Hakukuwa na bibi.

Kwa mwenye desturi hiyo si ajabu. Mtoto akipewa jina la mama yako, humwiti kwa jina, maana jina la mama yako hulitaji ovyo mdomoni. Unamwita mama. Humtukani wala humchapi, maana utamchapaje aliyekuzaa? Leo naielewa vizuri na mimi mwenyewe naifuata. Wakati ule nilichokielewa ni kwamba mama yangu mzazi, ambaye mimi ndiye niliyetakiwa kuwa mtu wake, alikuwa anamwita mtoto mwenye kamasi mama kuanzia alfajiri hadi kulala. Mama njoo unywe uji. Mama usikae kwenye jua. Mwacheni mama alale, amechoka. Mimi nilikuwa Salma, na mara nyingi Salma lilifuatiwa na kazi.

Siku moja Zainabu alivunja chupa ya chai, ile yenye maua mekundu iliyotolewa wageni wakija tu. Nilisimama mlangoni nisikose hata kofi moja. Mama alitazama vile vigae, akamtazama yeye, akashika kiuno. "Haya, mama, umekatwa? Nionyeshe vidole." Wiki ileile mimi nilipoteza kijiko cha mbao nikachapwa kwa ndala.

Na bibi naye alipotuma mzigo kutoka mlimani, ndizi au nanasi au vijiti vya mdalasini vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba, aliyeuleta alikuwa na salamu moja tu. "Bibi amesema vya wajina wake vitengwe kwanza." Basi vinatengwa. Tulilala kitanda kimoja, na Zainabu aliweka mdalasini wake chini ya mto. Usiku nilivuta harufu ile tamu yenye ukali kidogo nikiwa nimempa mgongo. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilikuwa navuta kwa nguvu, ili imwishie.

Zainabu mwenyewe hakuwa mbaya. Alinipenda, na hilo lilizidi kuniudhi. Alinifuata chooni, kisimani, madrasa. Akipewa maandazi mawili moja ananiletea, na mimi nilikula huku nimenuna. Ila alikuwa mtoto mwenye akili, akagundua mapema kwamba cheo chake kinafanya kazi. Akajifunza kutembea kama bibi, mkono mmoja mgongoni, na kusema kwa lafudhi ile ya mlimani inayoinua mwisho wa maneno. Watu wazima walicheka mpaka wakafuta machozi. Mama ndiye aliyecheka kuliko wote.

Idi moja mama alinunua kitambaa cha manjano cha kutushonea magauni mawili yanayofanana. Fundi alikata, akakuta kitambaa hakitoshi, akaja nyumbani kuuliza afanyeje. Gauni moja litapungukiwa mikono. Nilikuwa palepale nasugua sufuria. Mama alifikiri kwa muda usiozidi kumeza mate. "La Salma liweke mikono ya kitambaa kingine. Yeye ni mkubwa, ataelewa." Fundi akaniwekea mikono ya bluu.

Idi pili tulipanda Kinole kumsalimu bibi. Barabara ilikuwa tope, tuliteremka mara mbili gari lisukumwe, na Zainabu alibebwa asichafuke. Nilifika na tope mpaka magotini, na mikono yangu ya bluu. Uani kwa bibi kulikuwa na majamvi yaliyotandazwa pilipili manga zikauke, na ndugu na majirani walikuwa wamekaa pembeni wanakula pilau. Bibi alimkumbatia Zainabu. "Wajina wangu umenenepa!" Mimi akanipa mkono niubusu.

Nikakaa. Zainabu naye, kwa kuwa hadhira ilikuwepo, akaweka mkono mgongoni akatembea kando ya majamvi akizikagua pilipili, akaja mpaka mbele yangu. Akaniambia kwa sauti ya bibi, "Mjukuu wangu, hebu niletee maji ya kunywa. Na ufute hayo matope, unanitia aibu."

Watu wakacheka. Nilimtazama mama, naye alikuwa anacheka. Nikanyanyuka nikampiga Zainabu kofi moja la shavu, mpaka akakaa juu ya pilipili.

"Wewe si mama wa mtu!" nikapiga kelele. "Wewe ni Zainabu tu! Zainabu makamasi!"

Mama alikuwa ameweka kiganja kwenye shavu lake mwenyewe, kana kwamba kofi lilimwangukia yeye. "Salma," akasema taratibu, "umempiga mama yangu."

"Mbona mimi sijaumia?" bibi akadakia huku anatafuna.

Hata hapo watu walijizuia kucheka, maana mama hakuwa anatania. Hakunichapa. Ningeshukuru kuchapwa. Alinishika bega akaniongoza mpaka pale Zainabu alipokuwa analia, akaniambia nipige goti nimwombe radhi na nimwamkie. Mimi, darasa la nne. Yeye alikuwa hajajua kufunga kamba za viatu. Nilipiga goti, punje za pilipili zikanichoma.

"Shikamoo," nikasema.

Zainabu akanyamaza kulia. Akavuta kamasi, akaniwekea mkono kichwani. "Marahaba, mjukuu wangu. Usirudie."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Nilikimbilia nyuma ya jiko, kwenye midalasini, nikakaa chini nikalia kwa kwikwi.

Bibi alikuja baadaye kuchukua kuni. Hakuwa mwanamke wa kubembeleza. Aliokota kuni zake kwanza, moja moja, akaziegemeza ukutani, ndipo akaniuliza, "Unalilia jina?"

Nikajifuta machozi kwa ule mkono wa bluu wa gauni.

"Jina ulipewa, wewe. Ukalitapika."

Nikainua kichwa.

"Siku ya saba ulinyolewa nywele, mbuzi akachinjwa, ukaitwa Zainabu. Zainabu wa kwanza ni wewe. Basi ukaanza kulia. Mchana kutwa, usiku kucha. Titi hutaki. Mama yako akakupeleka hospitali mjini, ukachomwa sindano, ukarudi nyumbani unalia. Umebaki macho na mdomo. Wazee wakasema jina limemkataa huyu, lina uzito asioweza kuubeba. Mama yako hataki kusikia. Alishaniahidi, mtoto wa kwanza wa kike ni mimi. Siku mbili amegoma. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuja nikakuvua."

"Ukanivua vipi?"

"Tulikaa hapo ndani, tukakushika, tukataja majina. Mwajuma. Unalia. Hadija. Unalia. Rukia, Mwanaidi, Asha, majina yote ya ukoo yakaisha na wewe unalia tu. Mama yako akachoka, akasema, basi na awe Salma, awe salama tu. Ukashika titi." Bibi alinyanyua mzigo wa kuni akautwika kichwani. "Ukanyonya mpaka ukakoroma. Sasa unalia nini tena?"

Mtu mwenye busara angefarijika hapo. Mimi nilikuwa mtoto, na mwenye kijicho. Nilichosikia ni kwamba jina lile lilikuwa langu kabisa, nilikuwa nimelivaa siku kadhaa, na sasa Zainabu anatembea nalo uani mkono mgongoni. Na kwamba mimi ndiye niliyelitema jina la mama yake mama, kwa hiyo mama alikuwa na haki ya kunichukia. Kila kitu kikapata maelezo, chupa ya chai, ndala, mikono ya bluu. Nilikuwa nalipia.

Wakati wa kurudi tulikaa nyuma ya gari, juu ya mikungu ya ndizi. Zainabu alilala mapajani mwangu, shavu bado limevimba, wala hakukumbuka tena kama nilimpiga. Nikamuuliza mama kama ni kweli.

Mama aliangalia milima inavyofunikwa na ukungu nyuma yetu. "Bibi yako ana maneno mengi."

"Ni kweli, mama?"

"Sikutaka jina," akasema. "Nilitaka mtoto aache kulia."

Nilishika maneno mawili ya mwanzo, mengine nikayaacha yadondoke barabarani. Hakutaka jina. Kwa hiyo hata hili la Salma hakulitaka, lilimtoka tu kwa uchovu. Nilikaa na maneno hayo mawili miaka mingi kuliko niliyokaa shuleni.

Bibi alifariki nikiwa msichana mkubwa. Baada ya arobaini wanawake wa ukoo waligawana vitu vyake, na jembe lake, kanga zake nzuri na kipande cha shamba chenye midalasini vikaenda kwa mwenye jina. Hakuna aliyenionea, ndiyo desturi, na Zainabu alikuwa ameshaanza kulilima shamba lile. Mama akawa anamwita mama kwa sauti ya chini zaidi kuliko zamani, kwa kuwa sasa hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Niliolewa, nikapata watoto wangu, nikawa na maisha yangu mazuri tu. Lakini kila nilipopika pilau na kufungua kopo la mdalasini, roho iliniuma kidogo, kisha naendelea kupika.

Sasa mama anakaa kwangu. Alianza kusahau vitu vidogo, funguo, chumvi, siku ya wiki. Kisha akasahau watu. Asubuhi moja mwaka huu nilimletea uji, akajaribu kunyanyuka mkekani kwa adabu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama," akaniambia.

Nilidhani ni utani. "Mama, ni mimi, Salma."

Akanitazama kwa huzuni, kama mtoto anayefanyiwa mzaha na mkubwa wake. "Shikamoo," akarudia. Akangoja niitikie. Nilisimama na bakuli linaniunguza vidole, na mwisho nikamjibu marahaba. Tangu siku hiyo mimi ndiye mama yake. Ni mimi anayeniomba ruhusa ya kwenda msalani, ni mimi anayenilalamikia kwamba uji hauna sukari.

Zainabu aliposikia aliteremka kutoka Kinole na kikapu chake. Ni mnene sasa, ana wajukuu, na ule mwendo wa mkono mgongoni hauigizi tena, ni mgongo kweli. Alipiga magoti mbele ya mama, mdalasini mkononi. Mama alimwangalia sana, akanigeukia. "Mama, huyu binti wa nani?"

Zainabu alilia. Mimi nilimkumbatia, nikampangusa uso kwa kanga yangu, na ndani ya moyo wangu, Mungu anisamehe, nilifurahi. Furaha ile ilidumu mpaka alipopanda gari kurudi. Jioni nilimwogesha mama, akaniita mama mara ishirini, na nikagundua kwamba kitu nilichokitamani utoto mzima nimekipata na hakina pa kukaa. Leo ningemrudishia Zainabu bila kinyongo, nimwongezee na magauni ya manjano, ili mama aniite Salma mara moja. Hata Salma Mwingine ningeitika.

Hiyo juzi Nasra aliposoma jina langu kwenye simu na mimi nikamwambia aruke la Zainabu, mguu wa mama ulitikisika mikononi mwangu. Nilidhani nimemfinya. Alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza kitu ambacho sisi hatukisikii.

"Mama," akaniambia, "mtoto ameacha kulia?"

"Mtoto yupi?"

"Salma." Alilitamka kwa woga. "Hataki titi. Mama, usikasirike, jina lako mvue. Akiwa salama inatosha. Ameacha kulia?"

Nasra akaiweka simu chini. Niliendelea kumpaka mama mafuta kisiginoni, taratibu.

"Ameacha, mwanangu," nikamwambia. "Amenyonya, amelala."

"Alhamdulillahi," akasema mama, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.